Chumba cha Komeo la Shaba

—Begi hili la nini, Lyle?

Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yangu, theluji begani. Nilikuwa nimefungua buti la gari lake natafuta patasi yangu aliyoiazima, nikakutana na begi. Suruali mbili, chupi nne, taulo, kopo la mafuta ya kupaka. Begi la mtu mwenye kwake pengine!

—Britta, hilo si unavyofikiri.

—Unalala wapi? Nitajie jina lake tu!

—Hakuna mwanamke.

—Jumapili kwa baba uliinuka mezani mara tatu, simu mkononi. Barafuni huu msimu wa tatu unakataa kwenda. Kama hunitaki, sema!

Na barafuni kwetu Minnesota si jambo dogo. Baba yangu, Mzee Arvid, ana sheria moja: asiyekaa naye siku nzima kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki, juu ya ziwa lililoganda, haoi binti yake. Shemeji zangu wawili wote walipitia humo: tundu kwenye barafu, ndoano, kahawa, na ndoo ya kujisaidia nyuma ya pazia. Vibanda vya namna hiyo ninavijenga mimi kwa mikono yangu. Ndiyo maana kukataa kwake kulinichoma zaidi.

Lyle akakaa juu ya rundo la mbao. Ni fundi wa piano, maneno hana mengi, lakini siku hiyo alinitazama usoni.

—Sina utumbo mpana.

—Nini?

—Ulikuwa na vidonda, nikatoka damu miaka mingi. Nilipofika ishirini na sita wakautoa wote. Wakanishonea kifuko ndani, kwa utumbo mdogo, kishike nafasi yake. Huu mwaka wa kumi na mbili. Siumwi, Britta. Nafanya kazi, naogelea, nakula karibu kila kitu. Ila naenda chooni mara saba kwa siku. Kuna wakati kifuko kinavimba, basi mara kumi na tano, mpaka dawa ishike. Begi ni la tahadhari.

—Na simu?

—Nasoma habari. Chooni nakaa muda mrefu.

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

—Miaka mitatu hukuniambia!

—Nilishamwambia mwanamke mmoja. Alinihurumia mpaka akaondoka.

Hapo hasira zikanipanda upya. Yaani miaka yote hiyo ameniweka kapu moja na huyo!

—Nenda nyumbani, Lyle.

Nilikosea. Watu wa kwetu tukiguswa moyo hatusemi, tunashika nyundo. Siku nne sikumpigia. Ya tano ujumbe ukaingia:

"Nimeelewa. Sikulaumu. Patasi yako nimeiacha kwenye ngazi."

Nilimwaga machozi juu ya msumeno. Nikamwandikia:

"Jumamosi saa tatu asubuhi, ziwani. Usipokuja, ndiyo basi."

Akaja, kajifunika mpaka pua, begi lake mkononi bila kulificha. Nikamfungulia mlango wa pembeni wa kibanda cha baba. Chumba kidogo, mbao za msonobari bado zinanukia. Kiti cha choo chenye pipa chini yake, jiko dogo la gesi, rafu yenye taulo na mafuta yale yale. Na komeo la shaba, kwa ndani.

—Ndiyo ulikuwa unafanya hivi? Mimi nilidhani umeniacha!

—Nisamehe, mpenzi. Nilipaswa kusema kwanza, ndipo nipige misumari.

—Mzee anajua?

—Nimemwambia nimechoka na ndoo yake. Siri yako si yangu kuitoa.

—Fungeni mlango huo! Baba akafoka kutoka ndani. Mnawatia samaki baridi!

Tukakaa. Lyle akainuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne baba akamkazia macho.

—Kijana, kahawa yangu imekudhuru?

—Hapana, mzee. Walinitoa utumbo mpana zamani. Chumba hiki Britta kanijengea mimi.

Alisema mwenyewe. Baba akavuta mshipi wake, akautia chambo kipya.

—Mimi tezi dume linaniinua kila saa, akasema. Miaka arobaini nachuchumalia ndoo, hakuna mwenye ujasiri wa kusema. Hebu nipishe.

Komeo likalia. Lyle akacheka mpaka samaki wake akaponyoka.

Kufikia saa nane habari zilikuwa zimezagaa ziwa zima, na wazee wanne wa vibanda vya jirani walikuwa nje kwenye foleni, wanapiga miguu kwa baridi.

—Nyumba yetu utaijenga na vyoo vingapi? Lyle akaninong'oneza.

—Nyumba yetu? Nani kakuambia nimekubali?

—Mzee kasema leo ananihesabia siku nzima, sheria yake nimeitimiza.

—Viwili.

—Kwa nini viwili?

—Kimoja chako. Mimi sipangi foleni kwa mume wangu mpaka uzeeni.

Tulifunga ndoa Juni. Katikati ya ibada Lyle aliniminya kiganja, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mchungaji akakwama na kitabu chake. Wageni wakaanza kutazamana, mmoja akasema, masikini Britta, kakimbiwa.

Zamani ningenyamaza. Safari hii niligeuka nikawatazama wote.

—Anarudi, nikasema.

Na akarudi.