Vishikwambi vya Kupigia Picha

Asubuhi ile shule ilikuwa imetulia. Watoto walikuwa wamemaliza kufagia uwanja, na Mwalimu Yosefina alikuwa akiwaimbisha wimbo wa kuhesabu. Ndipo mkuu wa shule, Bwana Kanisius, akachungulia mlangoni na bango la kitambaa mkononi.

"Mwalimu, wageni wa wilaya wanakuja. Tunatoa vishikwambi, tupige picha."

Ndugu zangu, huku kwetu Flores, kisiwani Indonesia, jambo likishapigwa picha mbele ya bango, basi limefanyika. Vishikwambi vile vilikuja vipya kabisa, vikagawiwa kwa ajili ya picha, na siku hiyo hiyo vikafungiwa kabatini, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa mkuu.

Kati ya waliogawiwa alikuwemo Elsi, mtoto mwenye macho dhaifu ambaye hata miwani ya kliniki haikumsaidia. Baba yake alishasema: asipojua kusoma mwaka huu, abaki nyumbani achambue kahawa. Elsi alivuta herufi kwa vidole viwili, zikawa kubwa kama mayai. Akapaza sauti.

"Kuku... anataga... Mwalimu, naziona! Nasoma!"

Alisoma ukurasa mzima. Yosefina alilia bila kuona haya. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka. Na papo hapo mkuu akampokonya Elsi kile kishikwambi.

"Mkuu, mwachie huyu mmoja tu!"

"Kikivunjika nitajieleza vipi? Wewe na mimi tulisoma kwa chaki. Tulikufa?"

"Sisi tulikuwa na macho!"

"Usinipandishie sauti, Mwalimu."

Yosefina akameza hasira yake. Hapo ndipo na yeye ananiudhi, maana aliujua ukweli akanyamaza msimu mzima wa mvua.

Wageni waliporudi, kabati likafunguliwa. Unyevu ulikuwa umevila vishikwambi, betri zimevimba, hakuna kilichowaka. Elsi alibonyeza, akabonyeza tena.

"Mwalimu, mbona changu hakiamki?"

"Kiinamie tu, mwanangu," mkuu akanong'ona. "Kwenye picha haionekani."

Yosefina akalivuta bango, akalichana katikati mbele ya wageni. "Haya, pigeni picha hii!"

Alikuwa amechelewa. Muhula uliofuata Elsi hakurudi. Yuko kwao anachambua kahawa kwa kupapasa, na ile picha yake ya kwanza, mdomo wazi akisoma, imetundikwa ofisini kwa mkuu. Wageni huisifu sana.

FUNZO

Walimu, bishaneni mtakavyo kama mashine inafaa darasani au haifai, lakini bishaneni mkiwa mmempa mtoto aitumie. Kumfungia mtoto kifaa kinachomsaidia ni kumwibia. Na wewe uliyeona ukanyamaza, usijitoe: ufunguo ule ulikuwa shingoni mwako pia.