Nesi Telesphory Achomwa Sindano

Telesphory ni muuguzi wa zahanati ndogo upande wa Janga, Kibaha. Ana mkono mwepesi. Mtoto huchomwa sindano naye, kisha akauliza, "Utanichoma lini?"

Lakini yeye mwenyewe anaogopa sindano. Siri hiyo aliijua mkewe, Monica, peke yake.

Siku moja zahanati iliitwa kwenye semina ya kujikinga na maambukizi kazini.

"Miaka kumi na minane nachoma watu," Telesphory alisema. "Watanifundisha nini? Aende Paskalia."

Paskalia ni mfanya usafi. Alikwenda, akarudi na daftari limejaa.

"Nesi, tumeambiwa sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Inatupwa palepale kwenye kisanduku cha usalama."

"Hayo ni ya wanafunzi," Telesphory alijibu.

Jumanne iliyofuata, sindano tano zilizotumika zilikuwa zimelala kwenye trei. Kisanduku kilikuwa mbali, kwenye kona. Telesphory akaanza kuzifunika moja moja, huku akimsimulia mzee Mwishehe mpira wa jana. Mzee alikuwa akisubiri zamu yake.

Sindano ya tatu ikakosa kifuniko, ikaingia kidoleni. Telesphory akatia mkono mfukoni.

"Mbona umeishia kwenye penalti?" mzee aliuliza. "Iliingia?"

"Imeingia," Telesphory alijibu kwa sauti ndogo.

Paskalia aliona damu kwenye mfuko wa sare nyeupe. Akamvuta hadi kwenye bomba. Telesphory akaanza kukikamua kidole.

"Usikamue, wala usipake spiriti," Paskalia alisema. "Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kisha twende ofisini kwa Dakta Nuria upimwe."

"Nitapima wiki ijayo."

"Wiki ijayo umechelewa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inaanzwa mapema, ndani ya saa chache. Zikipita siku tatu, haitolewi tena. Na kuna homa ya ini pia."

"Kupima ni kwa sindano?"

"Ni kwa sindano."

Telesphory akatafuta kiti.

Dakta Nuria alipotoa damu, mzee Mwishehe ndiye aliyemshika muuguzi mkono. "Tazama dirishani, mwanangu. Hesabu wale mbuzi."

Haikujulikana ile sindano ilimchoma mgonjwa yupi. Kwa hiyo Telesphory alianzishiwa dawa siku hiyohiyo, ameze kwa siku ishirini na nane.

Jioni alimweleza mkewe.

"Kwa hiyo umechomwa?" Monica aliuliza.

"Mara mbili."

Monica alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Walitumia kondomu kama dakta alivyoagiza. Kila asubuhi Monica alimpa kidonge na uji, akasimama mpaka kimemezwa.

Kazini, kisanduku kilisogezwa karibu na mkono wa muuguzi. Kikijaa robo tatu, kinafungwa. Hakuna anayerudishia kifuniko tena. Wafanyakazi wote, Paskalia akiwemo, walipata chanjo ya homa ya ini.

Baada ya miezi sita majibu ya mwisho yalitoka. Telesphory alikuwa salama. Monica aliyasoma mara mbili, akakaa kwenye benchi la zahanati akalia. Telesphory akakaa naye. Wagonjwa walisubiri, na hakuna aliyenung'unika.