Namba Tano Daftarini

Kila siku saa nne asubuhi, wenzake wa darasa la sita walipokimbilia uji, Eunike alishuka kwanza kwenye bwawa la samaki la shule yao, huko Machame. Alishika kipima mwanga juu ya majani ya mimea ya majini, akasoma namba na kuiandika daftarini.

Mwalimu Gidioni wa sayansi alikuwa amemweleza kazi hiyo.

"Mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Ndiyo usanisinuru. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kidogo tu. Likidhoofika hurudisha mwingi, na namba hupanda. Tutajua kuna tatizo mapema."

Jumatatu namba ilikuwa tano. Jumanne, tano. Jumatano netiboli ilinoga, Eunike hakwenda bwawani. Akaandika tano. Alhamisi akafanya vivyo hivyo.

Ijumaa kipimo kilionyesha kumi na moja. Alirudia, kumi na moja. Maji yalikuwa meusi yenye harufu kali, na perege kadhaa walielea wamekufa. Wengine walihema juujuu. Alitamani kuandika sita aondoke. Badala yake alikwenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Zile tano za juzi na jana nilizibuni. Leo ni kumi na moja, na samaki wanakufa."

Mwalimu hakugomba. Walifuata mfereji unaoleta maji bwawani, wakapanda mlimani hadi shambani kwa mzee Eliudi. Maji aliyooshea kahawa yalikuwa yakitiririkia mferejini.

"Nilianza kuosha Jumanne jioni," mzee alisema kwa huzuni. "Sikujua yanafika kwenu, mjukuu wangu."

Siku hiyohiyo alichimba shimo la kuyapokea, Eunike akimsaidia kuzoa udongo. Bwawa likafunguliwa maji safi. Baada ya wiki mbili namba ilishuka hadi sita.

"Mwalimu, utampa mwingine kipimo?" Eunike aliuliza.

"Hapana. Ulikuja kusema mwenyewe, na perege waliobaki wamepona kwa sababu hiyo. Lakini sikiliza. Ungeacha nafasi tupu Jumatano, ningeiona nilipokagua daftari, na kushuka kupima mwenyewe. Ile tano ilinituliza, nikakaa ofisini. Siku usipopima, andika kwamba hukupima."