Wanawake wa Kisiwa Kisicho na Usiku

Tulieni, enyi mlioitwa kwa jina la Bwana. Mwenye mtoto ambembeleze, mwenye simu aizime. Haya ninayowaambia yalimpata jirani yangu Aron, mzee wa kanisa hapa Mgwashi, naye mwenyewe ameniruhusu kuyasema.

Juni iliyopita usharika wetu ulimtuma kuutembelea usharika rafiki, kaskazini kabisa mwa Norwei, katika mji wa wavuvi. Alipokelewa vizuri. Alikula samaki wa kuchemsha na viazi, akaona vichwa vya samaki vimetundikwa juani kwenye vichanja virefu kuliko nyumba. Mwenyeji wake, Kristian, aliwahi kufundisha Lushoto, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima.

"Mwezi huu jua halizami huku," Kristian alimtania. "Wachawi wenu wangekosa kazi, mzee."

Aron alicheka kidogo tu. Kabla ya kusafiri alikuwa amesimama mbele ya baraza la wazee, akaapa kwamba alimwona Evelina, mjane wa kaka yake, akitoka katika zizi lake yeye Aron alfajiri, wiki ileile ng'ombe wake watatu walipokufa. Evelina akaitwa mchawi, akatolewa nyumbani kwake, akalazwa stoo ya kanisa. Aron akirudi, baraza lingesikia neno lake la mwisho, na mama yule angefukuzwa Mgwashi.

Siku ya tatu walivuka kwa boti hadi kisiwa kidogo kisicho na mti hata mmoja. Ndege wa baharini walikuwa wamejaa majabalini.

"Hapa walichomwa moto wanawake, zamani," alisema Kristian. "Kwa uchawi."

"Walifanya nini?"

"Jirani alisema amewaona."

"Kisha?"

"Basi. Hakukuwa na kisha." Akatazama maji. "Na waliowachoma walitoka kanisani, Biblia mkononi."

Kristian akarudi kukaza kamba ya boti. Aron akabaki peke yake, jua likimulika bila kumpasha joto. Ndipo alipomwona mwanamke ameketi juu ya jabali, amempa mgongo, amejifunika mtandio wa sufu, akipasua samaki. Kisu kilikwenda na kurudi. Hakikutoa sauti.

"Aron," alinong'ona mwanamke yule, kwa Kishambaa safi cha Mgwashi. "Nani aliniona?"

Mwili ukamsisimka. Kisha, ndugu zangu, akafurahi. Nimemnasa, alijisemea, ameruka bahari kunifuata. Akatoa simu, akampigia mkewe Sesilia.

"Mama Jenipher, kimbia stoo ya kanisa ukashuhudie. Evelina hayumo."

"Hayumo vipi, Baba Jenipher? Tunamenya naye viazi vya kipaimara. Yuko mbele yangu." Akamsikiliza mtu pembeni. "Anauliza kama ulibeba sweta."

Aron akashusha simu.

Wanawake walikuwa wengi sasa. Kila jabali na wake. Wote wamempa mgongo. Visu vimesimama. Kivuli cha Aron kilikuwa kirefu juu ya mawe. Wao hawakuwa nacho.

"Nani aliniona?"

Akakimbia. Kristian alipogeuka, aliona ndege tu.

Jumapili moja baada ya kurudi kwake, mchana, ibada ilipokwisha, baraza liliketi. Mchungaji Clemence akauliza, "Mzee Aron, ulimwona kwa macho yako?"

Aron akainamisha macho sakafuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Nje hapakuwa na mvua. Lakini kwenye saruji zikaanza kutokea nyayo, peku, ndogo, zilizolowa maji. Mbili. Nne. Zikaizunguka meza. Zikakoma nyuma ya kiti chake.

"Sikumwona," alisema Aron. "Nilisikia kwa watu. Nilikuwa na uchungu wa ng'ombe wangu, nikatafuta wa kumbebesha."

Siku ileile Evelina alirudi kwake, na Aron ndiye aliyembebea godoro.

Nyayo zilikauka zikaacha chumvi nyeupe. Tumepiga deki mara saba, ingalipo. Zipo za kuingia. Za kutoka hazipo.

Imeandikwa: usimshuhudie jirani yako uongo. Nawe unayenisikia, uliyesema ulimwona mama wa watu, na moyo wako wajua hukumwona: huruma ya Bwana ingali wazi kwako, lakini usiichezee. Usingoje Jumapili. Inuka sasa hivi, nenda mlangoni pake, piga magoti, ulifute neno lako.