Sanamu Lililoambiwa Lishike Pumzi

Mimi nimetembea nchi nyingi, na kote nimekimbia mijusi, kwa hiyo woga wangu si ushahidi. Lakini rafiki yangu, fundi wa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, hana woga hata chembe, na haya yalimkuta mchana kweupe.

Kesho yake shangazi yake alikuwa aanze tiba. Uvimbe ulipakana na moyo, na picha za mashine zilikuwa zinatoka na ukungu. Daktari alishasema, "Picha isipotulia, simpigi mionzi." Basi fundi akaweka programu mpya, akalaza kitandani sanamu la mtu la kupimia mashine, la plastiki tupu, lisilo na mapafu wala tundu la pua. Akazima taa, akatoka, akafunga mlango mzito, akapiga picha akiwa chumba cha pili.

Ukungu ule ule, kama wa mtu anayehema.

Kwa mzaha akabonyeza kipaza sauti, akasema kama anavyowaambia wagonjwa, "Haya mzee, vuta pumzi. Ishike hapo hapo."

Picha ikatoka safi. Mbio mbio akampigia shangazi simu kumwambia picha imetulia.

"Mwanangu, usinitanie!"

"Kweli, shangazi. Kesho unalala pale kitandani."

Wakacheka, wakapiga soga.

Alipokata simu, akasikia mlio kwenye spika inayoleta sauti za chumba cha mashine: kiganja kinapiga kitanda, haraka haraka, kisha polepole, kisha kwa unyonge. Ndipo akakumbuka kuna neno kila mgonjwa huambiwa mwishoni, na yeye hakulisema.

Akabonyeza kitufe. "Pumua."

Mle gizani, juu ya kitanda cha shangazi, mtu akashusha pumzi ndefu, kisha akakohoa kidogo, kizee.