Lempi na Kilengeo Kipya

Lempi Kangas alikuwa jikoni akikata viazi na nyama za kutia kwenye mikate ya kupeleka kambini. Nje, theluji ya kwanza ilikuwa imelala juu ya paa la sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke. Novemba ilikuwa imeingia, na huko juu kaskazini mwa Michigan watu waliongea jambo moja tu: kulungu.

"Jifunze kupika mingi," alisema kaka yake, Reino. Alikuwa amekaa mezani na kikombe cha kahawa, anadokoa mkate wa iliki. "Mwaka huu utashinda kambini na masufuria."

"Nani kasema?"

"Ukuta umesema."

Lempi aliendelea kukata viazi. Aliujua ukuta huo. Katika kambi yao ya kuwindia, mtu akimkosa kulungu, wenzake humkata pindo la nyuma la shati na kulipigilia ukutani. Ilikuwa hivyo tangu enzi za baba yao. Mwaka uliopita, pindo la Lempi lilipanda ukutani, lenye miraba myekundu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao.

Lakini moyoni hakucheka. Macho yake yalikuwa yameanza kuzeeka. Alfajiri ile, kulungu alisimama mbele yake kati ya mierezi. Lempi alikitafuta kilengeo cha mbele, ile nukta ndogo nyeusi iliyo juu ya ncha ya mtutu. Hakuiona. Alifyatua kwa kukisia.

Ilikuwa heri kwamba alimkosa kabisa. Je, kama angemjeruhi? Mnyama angekwenda kufa kwa maumivu huko kwenye kinamasi. Ndiyo maana Lempi alitamka mbele ya wote: kama hatapata njia ya kuona vizuri, hatawinda tena. Kisiki alichokalia baba yao, pale ukingoni mwa kinamasi, kitakuwa cha Reino. Bunduki ya Baba, aliyoitumia yeye, pia.

"Usininunie," alisema Reino. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipakiti. "Nimekuletea dawa."

Ndani kulikuwa na kilengeo kipya. Katikati yake ulipita uzi mfupi wa plastiki, wa rangi ya kijani. Lempi alikipeleka dirishani. Ncha ya uzi ikang'aa kama jicho la paka.

"Reino! Kina betri?"

"Hakina. Kinakula mwanga wa nje. Nimechagua kile kirefu kuliko vyote, ili hata bibi kizee kama wewe akione."

"Bibi kizee ni mkeo."

"Mwambie mwenyewe, mimi siwezi."

Mchana huo Reino alichukua nyundo ya kupigilia misumari. Aling'oa kilengeo cha zamani, akakigongomea kipya. Juu yake akairudisha ile kofia ndogo ya chuma iliyokuwa ikifunika kile cha zamani. Kisha wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo la mchanga, wakaegemeza karatasi ya shabaha.

Lempi alipiga. Risasi ilikwenda chini, kushoto.

"Rahisi," alisema Reino. "Risasi imekwenda kushoto, tunasukuma kilengeo kulia."

Akagonga. Lempi akapiga tena. Risasi ilikwenda kushoto zaidi, ikakosa hata karatasi. Reino akagonga tena kwa nguvu. Mara hii Lempi alipopiga, mchanga uliruka mbali kabisa na karatasi.

Lempi aliinamisha kichwa. "Basi, kaka. Kisiki ni chako."

Reino alijikuna shingo. Alikuwa amemtania mwaka mzima, lakini hakupenda kuyasikia maneno hayo.

"Mna ugomvi gani na mchanga?" sauti iliita. Alikuwa jirani yao, Tyyne Hakala. Asubuhi na jioni Tyyne huendesha basi la shule. Saa zilizobaki hutengeneza bunduki za watu katika gereji yake.

Lempi akamweleza yote. Reino akampa bunduki. "Haina kitu ndani."

"Nimesikia," alisema Tyyne. Aliuelekeza mtutu kwenye mchanga. Akashusha wenzo, ule mkono wa chuma ulio chini ya bunduki. Risasi ikaruka nje, ikaanguka juu ya theluji.

Reino alibadilika rangi.

"Risasi za bunduki hii hukaa kwenye bomba chini ya mtutu," alisema Tyyne polepole. "Ukitoa moja, nyingine inaweza kubaki. Shusha wenzo, pandisha, rudia mpaka hakuna kinachotoka. Kisha tazama ndani, na utie kidole. Ukimpa mtu bunduki, naye akague mwenyewe. Hata kama ni ndugu yako."

"Nimekosa," alisema Reino.

"Umekosa. Sasa twendeni gerejini, baridi hii itanitoa meno."

Gerejini, Tyyne aliibana bunduki kwenye jiriwa, akiizungushia kitambaa ili isikwaruzwe. Alipokiona kilengeo akaangua kicheko.

"Reino, umemnunulia dada yako dirisha, kisha ukalifunga pazia! Hii kofia ya nini? Uzi huu unataka mwanga. Ukiufunika, unabaki plastiki tu."

Lempi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Njoo hapa, Lempi," alisema Tyyne. "Bunduki ni yako, kazi utafanya wewe."

Alimpa kijiti cha shaba na nyundo ndogo. "Shaba ni laini, haiumizi chuma. Simama kama mtu anayelenga, mtutu uelekee mbele. Katika bunduki nyingi za aina hii, kilengeo hutolewa kwa kukigonga kutoka kushoto kwenda kulia. Kuingiza, kutoka kulia kwenda kushoto. Ukilazimisha kinyume, utaharibu mfereji kinamokaa."

Lempi aligonga. Tk, tk, tk. Kilengeo kikatoka.

Tyyne alikisimamisha kando ya kile cha zamani, ambacho Reino alikitoa mfukoni. Kipya kilikuwa kirefu zaidi. "Unaona? Kilengeo cha mbele kikiwa kirefu, ili ukione sawasawa unainamisha mtutu. Risasi inakwenda chini."

"Mimi nilidhani kirefu ni kizuri," alisema Reino.

"Wewe nawe ni mrefu, na uzuri wako hatujauona."

Tyyne alitafuta kwenye droo, akapata kingine chenye uzi uleule, kimo sawa na cha zamani. Kilikataa kuingia mferejini. Reino akanyanyua nyundo.

"Weka chini hiyo! Kikikaza, tunapunguza kitako cha kilengeo kwa tupa, kidogo kidogo. Mtutu hauguswi. Kilengeo kikiharibika, tunanunua kingine. Mtutu wa baba yenu mtaununua wapi?"

Lempi alipiga tupa, akajaribu, akapiga tena. Kilipoingia nusu kwa kusukumwa na kidole gumba, alikimalizia kwa nyundo mpaka kikafika katikati. Tyyne akachora mstari mwembamba wa penseli kwenye kilengeo na kwenye mtutu, ili waone kikisogea. Ile kofia waliiacha mezani.

Walirudi shimoni. Lempi aliegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga. Kimo kilikuwa sawa, lakini risasi ilikwenda kushoto kidogo.

"Tusukume kulia," alisema Reino.

"Hapana!" Tyyne alicheka. "Hapo ndipo ulipopotea. Kilengeo cha nyuma hukisukuma kule unakotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume. Cha mbele hufuata risasi. Risasi imekwenda kushoto? Nacho kisogeze kushoto."

Lempi alizitoa risasi zote, akakagua kwa kidole, akampa Tyyne naye akakagua. Ndipo akakigonga kilengeo kushoto, unene wa ukucha tu. Akapiga tena. Tundu lilitokea katikati ya karatasi. La pili likatokea kando yake.

"Sasa sikia," alisema Tyyne. "Usiusafishe uzi huo kwa dawa kali ya bunduki, utayeyuka. Kitambaa kikavu kinatosha. Na jambo kubwa ni hili: nukta inakuonyesha bunduki yako inaelekea wapi. Haikuambii mbele kuna nini. Hiyo ni kazi ya macho yako, na subira."

Siku ya ufunguzi wa msimu wa kuwinda, Lempi alikaa kwenye kisiki cha Baba. Saa ya ruhusa ya kupiga ilifika. Nukta ya kijani iliwaka mbele yake kama taa ya mbali. Kati ya mierezi, kitu kilisogea. Moyo ulimwenda mbio. Lakini aliona kivuli tu. Akaondoa kidole kwenye triga, akangoja.

Mwanga uliongezeka. Kivuli kikawa kulungu jike. Ruhusa ya Lempi ilikuwa ya dume. Jike likapita likitafuna. Lempi akaendelea kungoja. Nyuma ya jike, polepole, dume likajitokeza na pembe zake. Nyuma yake palikuwa na kilima cha udongo, hapakuwa na mtu wala nyumba. Lempi akaiweka nukta nyuma kidogo ya bega, akavuta pumzi, akafyatua.

Dume halikufika hata mti wa pili.

Kutoka upande wa Reino, mlio wa bunduki ulisikika. Kisha mwingine. Kisha mwingine tena.

Lempi alipofika kambini, Reino alikuwa kando ya jiko la kuni. Shati lake alilichomeka ndani ya suruali, kabisa kabisa. Wenzake walikuwa wakimtazama na kutabasamu. Tyyne, naye mwenzao wa kambi, alikuwa amekwisha kuutoa mkasi.

"Kulikuwa na giza," alisema Reino. "Hiyo nukta yangu nyeusi, hata shetani haioni."

"Geuka, kaka," alisema Lempi.

"Taratibu basi. Hili ni jipya."

Mkasi ulilia. Lempi alilipigilia pindo la Reino kando ya lake, la bluu kando ya jekundu. Akarudi nyuma, akayatazama. Yalipendeza.

Reino alijipapasa mgongo ulioachwa wazi. "Tyyne," alisema kwa sauti ndogo, "gereji yako unafungua lini?"

"Tukirudi," alijibu Tyyne.

"Mpaka tukirudi," alisema Lempi, akimvisha kaka yake aproni, "viazi vile pale. Tia chumvi ya kutosha."