Donati Mbili za Alhamisi

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mtoto wa kike wa miaka tisa alimaliza donati yake ya pili mbele ya duka la Mama Donati, akajikuna shingo, akasema, "Mama, mdomo unaniwasha." Ilipofika saa tatu na nusu midomo ilikuwa imevimba, pumzi inamkatikia, na mama yake anakimbia naye hospitali, kiatu kimoja kimebaki kibarazani.

Saa tano kamili Afisa wa Afya aliingia na mkoba wake. Hakukaa.

"Mtoto yuko salama, daktari amemuwahi. Lakini ana mzio wa maziwa, mama. Mayai anakula, samaki anakula, karanga anakula. Maziwa tu ndiyo mwili wake hauyataki. Na leo hajatia kitu kingine mdomoni ila donati zako."

"Nashukuru yuko salama," alisema Mama Donati. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Donati zile hazina maziwa."

"Kibao chako kinasema hivyo. Mdomo wa mtoto unasema vingine."

Kibao alikiandika kwa mkono wake: Hazina maziwa, hazina mayai, hazina chochote cha mnyama. Alizianza donati hizo kwa ajili ya mjukuu wake, aliyekuwa kila sherehe anakaa pembeni na maji yake huku wenzake wanalamba vidole. Miaka mitatu watu wamezicheka. Donati za wagonjwa, walisema. Yeye akaendelea kukaanga.

"Kibao kitolewe," alisema Afisa. "Au unionyeshe maziwa yaliingilia wapi. Nakupa mpaka saa nane. Baada ya hapo nafunga duka, na sidhani kama utalifungua tena."

"Vuta kiti ukae, kijana. Hapa hakitolewi kitu. Saa nane bado mbali."

Jikoni mwake walifanya kazi watu watatu. Kaka yake mkubwa, aliyeitwa Fundi na mtaa mzima, alikanda unga. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikaanga. Na Kidoti, msichana mwenye alama nyeusi shavuni, aliuza mbele. Mama Donati aliamua kuifuata donati kinyumenyume, kutoka mkononi mwa mteja mpaka kwenye beseni.

Akaanza na Kidoti. "Ulimtolea kwa koleo gani?"

"La kijani, mama. La donati za maziwa nalifunga kamba nyekundu, hata nikisinzia siwezi kukosea."

"Na juu ulimpaka nini?"

"Hakutaka kupakwa kitu. Alizitaka tupu, kama kila Alhamisi anapokuja."

Basi koleo limepita, na sukari ya kupaka imepita. Akamgeukia mkwe wake, ambaye macho yalikuwa yameshamjaa machozi.

"Mafuta, mwanangu?"

"Mapya, mama. Nilimimina saa kumi na mbili na nusu. Karai la kwanza zilikuwa zile zisizo na maziwa, kama siku zote. Hizo nyingine zilikuwa hata hazijakatwa."

"Muulize na ufunguo," sauti ya Fundi ilitoka kwenye meza ya kukandia. Hakuinua kichwa. "Kabati la maziwa halifunguliwi mpaka donati za kibao zitoke jikoni. Hiyo sheria uliiweka wewe. Ufunguo uko shingoni mwa nani? Si mwangu."

Afisa aliandika. Mkwe akashika uzi wa ufunguo kana kwamba umemkaba.

"Mjomba, unanitupia mimi?"

"Sikutupii. Nahesabu shingo."

Mama Donati aliyapima maneno hayo. Ufunguo kweli ulikuwa kwa mkwe, na mkwe alikuwa na karai peke yake. Mtu mwenye haraka angeishia hapo.

"Mwanangu, futa machozi unijibu. Kuna kitu chochote kimebadilika wiki hii? Hata kidogo."

"Rangi tu, mama. Tangu Jumatatu zinakuwa kahawia upesi. Nilizoea dakika mbili kila upande, sasa ikizidi moja na nusu zinaungua. Nikamwambia mjomba labda jiko lina moto mkali. Akasema ndiyo, nipunguze."

"Na zile za maziwa? Nazo zimebadilika?"

Mkwe akafikiri. "Hapana. Zile ziko vilevile."

Mama Donati aliinua kichwa. Miaka aliyosimama mbele ya karai ilimfundisha hili: donge lenye maziwa hushika rangi upesi kuliko lisilo nayo. Jiko kali lingeunguza za aina zote mbili. Maziwa basi hayakuanguka kwenye karai wala kwenye koleo. Yalikandwa ndani, na si leo tu, tangu Jumatatu.

"Mtoto yule huja Alhamisi tu," alimwambia Afisa. "Wengine walikula siku hizo wasihisi kitu, wakaenda zao."

Saa saba na nusu alivipanga mezani vitu vyote vya donge lile. Maji ya bomba. Chumvi, ambayo huenda kiasi cha kubana kwa vidole. Hamira katika pakiti zilizofungwa. Mafuta meupe kama kioo. Gunia la unga lilifunguliwa leo asubuhi, na rangi ilibadilika Jumatatu, basi gunia nalo halimo. Ukabaki mkebe wa sukari ya kusaga, inayotumika kwa donge lile peke yake.

Hakuugusa. Akabandika birika.

"Tumechoka wote," alisema. "Tunywe chai ya rangi, kisha Afisa afanye yake." Akamimina vikombe vinne, akausukuma ule mkebe katikati. Mama wa mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amefuata kile kiatu, akasimama mlangoni.

Kidoti alichota vijiko viwili. Mkwe akachota kimoja. Fundi alivuta kikombe chake, akapuliza, akanywa.

"Sukari, kaka?"

"Leo sitaki."

"Wewe? Wewe unayekunywa vijiko vinne mpaka daktari akakulalamikia?"

Kidoti akapiga kelele. "Mama! Chai yangu imekuwa ya maziwa!"

Kikombe cha mkwe nacho kilikuwa kimefifia rangi. Afisa alisimama, akachota sukari ile, akaionja kwa ncha ya ulimi. "Maziwa ya unga," alisema.

"Kabati halikuhitajika," Mama Donati alimwambia kaka yake. "Ulikuja nayo kutoka kwako. Wawili hawa wamechota bila wasiwasi kwa sababu hawakujua. Wewe ulijua itageuka rangi mbele ya Afisa."

Fundi aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Ndiyo, nilitia! Miaka thelathini nakanda donati. Jumapili mtu mzima kasimama pale kaunta akasema zile zako ni sifongo za kuoshea vyombo. Zimetoka mikononi mwangu! Nikatia kidogo tu zilainike, na wiki nzima watu wamezisifu. Mzio, mzio! Ni deko la siku hizi. Sisi tulikula kila kitu."

"Mwanangu naye alizisifu," alisema mama wa mtoto. Kila mtu aligeuka. "Alisema leo ni tamu kuliko za wiki iliyopita. Ndiyo maana akaomba ya pili."

Fundi aliusukuma mkebe mbali naye.

Mama Donati alimwendea yule mama akamshika mikono. "Ni jikoni kwangu, dada. Sitajificha nyuma ya Fundi." Kisha kwa Afisa: "Andika kaka yangu alitia kwa makusudi. Nifungie siku utakazo, nioshe kila chombo. Donati za mjukuu wangu zitarudi bila tone, na nitazitangaza kwa sauti ileile."

Afisa aliandika siku saba. Fundi akavua aproni, akaitupa mezani.

"Utashindwa bila mimi. Nani atakukandia?"

Mama Donati alikunja mikono ya gauni, akavuta beseni.

"Kukanda ulinifundisha wewe, kaka, na ulinifundisha vizuri. Mlango uko wazi."